Kiti Kilichobaki Olenguruone

Kikundi chetu cha akina mama hapa Bahati hukodisha tenti, viti na sufuria kubwa za kupikia watu wengi. Harusi ziko, na siku za kupeleka mahari ziko, lakini nisikudanganye, kinachotulisha ni matanga. Harusi mtu anaweza kuahirisha.

Kazi yangu, mimi wanayeniita Shosho, yaani nyanya, ilikuwa simu. Sikusoma sana, niliachia darasa la tatu, lakini ukiniambia jina lako leo, mwaka ujao nitakuita kwa jina hilo. Mwenyekiti wetu alinipa simu kwa sababu hiyo, akasema mtu aliyefiwa hapendi kuulizwa jina mara mbili. Majina yao wote ninayo mpaka leo. Hapa sitayataja, ya waliokufa wala ya wazima, maana wenyewe sikuwauliza.

Mwenyekiti ndiye alituletea namba ya bure. Ilikuwa na masufuri mengi, basi tukaiita namba ya masufuri. Ilikuwa hivi: anayepiga halipi kitu, sisi wenye biashara ndio tunaolipia, bei moja kila mwezi, wapige wasipige. Tuliiandika kwa rangi nyekundu nyuma ya kila kiti. Ukienda mazishini ukae nyuma ya mtu, utaisoma muda wote wa mahubiri mpaka uishike kichwani. Na kweli simu zilikuja. Zilitoka Subukia, zikatoka Njoro, na hata Kihoto kule Naivasha wakati ziwa liliingia kwa nyumba za watu, wakitaka tenti za kulala watoto.

Jambo ambalo hatukulifikiria ni hili. Mtu aliyefiwa ukimpa simu ya bure, kwanza analia. Hawezi kuanza na viti. Anaanza na vile marehemu aliamka vizuri siku hiyo, akanywa uji, akauliza kama ng'ombe amekamuliwa. Mimi nilikuwa nasema pole, halafu nanyamaza namsikiza. Nilijua hiyo ndiyo kazi yenyewe, viti vitafuata.

Mzee wa Olenguruone alianza hivyo hivyo. Alikuwa amefiwa na bibi yake, mama wa watoto wake. Alilia kama mwanamume anavyolia, yaani alikohoa sana, akasema huko juu kuna ukungu, umemwingia kifuani. Nikamwambia, "Pole mzee, hata huku kuna ukungu." Na jua lilikuwa linawaka Bahati yote.

Lori letu likapanda huko na tenti, mama huyo akazikwa, lori likarudi. Baada ya siku chache simu ikalia.

"Mama wa tenti?"

"Ndio mimi, mzee."

"Mmesahau kiti yenu moja. Ilikuwa nyuma ya jiko, watoto walikuwa wanapandia."

"Asante mzee. Lori likija upande huo litachukua."

"Sawa. Nimeiweka ndani isinyeshewe."

Lori haliwezi kupanda Olenguruone kwa sababu ya kiti kimoja, na nafikiri yeye alijua hivyo kama mimi. Lakini aliendelea kupiga. Alipiga saa kumi jioni, saa ambayo yeye na bibi yake walikuwa wanakunywa chai. Kila mara alianza na neno moja: "Mama wa tenti, kiti yenu iko." Halafu tunauliziana mvua. Halafu anaingia kwa mambo ya nyumba.

Lugha yake siijui na yangu haijui, tukakutana kwa Kiswahili, kila mmoja na makosa yake. Kuna miaka ambayo watu wa kwao na wa kwetu hawangepeana hata maji ya kunywa. Hiyo hatukuitaja. Tulitaja vibuyu vya maziwa. Bibi yake alikuwa anavisafisha kwa mkaa wa mti fulani wa huko kwao, ndio maziwa yalale vizuri yasiharibike, na ilikuwa kazi ya wanawake, mzee hakuwahi kuigusa. Sasa vibuyu vilikuwa vimening'inia ukutani, vimekauka. Alijaribu kimoja, maziwa yakaoza.

"Mimi sijui ya vibuyu, mzee," nikamwambia. "Sisi tuliviwekea uji."

"Basi wewe pia hujui kitu," akasema, na nikamsikia anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza. Baada ya hapo nikawa nasubiri saa kumi. Watoto wake walikuwa mbali kwa kazi, majirani walikuwa wamerudi kwa mashamba yao vile watu hurudi matanga yakiisha. Mtu wa kuongea naye alikuwa mimi, na alinipata kwa sababu namba ilikuwa bure.

Ndipo kampuni ya simu ikabadilisha bei. Mwenyekiti alituita nyumbani kwake, akatupa chai, na kabla hatujaimaliza akasema, "Ile bei moja ya mwezi imeisha. Sasa tutalipia kila dakika ya kila anayepiga."

"Hata akilia?" nikauliza.

"Hata akilia, Shosho. Hata akinyamaza. Mashini haiwezi kujua mtu analia ama anaagiza sufuria."

Mama mmoja mwenye mdomo akasema, "Basi wakate simu kwanza, walie, wakimaliza ndio wapige." Tulicheka sana, halafu kila mtu akaangalia kikombe chake.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Mbili kati ya tenti zetu zilikuwa zimeshonwa mpaka hazina mahali pa sindano, na pale stendi kulikuwa na vijana wenye tenti mpya nyeupe za kuning'iniza mapazia. Akatuambia kila biashara inayopokea simu inajipanga upya, na sisi tujipange. Kwanza akanifundisha kuuliza maswali matatu mara tu ninapopokea: siku gani, mahali gani, watu wangapi. Pole ije mwisho, nikishashika yale matatu. Akaniambia nijaribu mbele ya wote.

"Siku gani?" nikasema.

"Alhamisi, Shosho. Haya, endelea, usinitazame hivyo."

"Mahali gani? Watu wangapi?"

"Vizuri. Sasa pole."

Nikasema pole, na ilisikika kama ya mtu anayerudisha chenji.

Hata hivyo haikutosha. Watu walijibu lile la siku, halafu siku yenyewe inawarudisha kwa marehemu, wanaanza kulia na mimi siwezi kumkata mtu kilio. Mwezi ulipoisha mwenyekiti alishika kichwa. Akasema tuachane na namba ya masufuri. Akanunua laini ya kawaida, ambayo anayepiga analipa mwenyewe. Mtoto wake akaweka picha za tenti kwa WhatsApp, mtu achague, aandike tarehe, amalize. Mimi nikabaki na simu ndogo ya vitufe, ya kupokea wateja wa rika langu. Tukapewa rangi nyeupe na brashi, tukafuta masufuri nyuma ya viti vyote, tukaandika namba mpya juu yake. Sheria ikawa moja: mtu akibip, yaani apige mara moja akate ili umpigie wewe, usimrudishie. Mwenye shida ya kweli atanunua kredo apige.

Siku za mwisho za ile namba ya bure nilimweleza mzee. Duka la kredo liko kule senta, na yeye magoti yake hayataki ule mteremko.

"Nipe hiyo mpya," akasema. Nikampa, akairudia pole pole, tarakimu kwa tarakimu.

Saa kumi jioni simu ndogo ikalia mara moja, ikakata.

Sheria ilikuwa juu ya simu ya kikundi. Juu ya simu yangu mwenyewe hakukuwa na sheria. Nilikuwa nauza mayai kidogo, nikaweka kredo, nikampigia.

"Mama wa tenti, kiti yenu iko."

"Najua mzee. Kwenu kumenyesha?"

Tukaendelea hivyo. Anabip, napiga. Hatukuongea sana kama zamani, maana sasa nilisikia dakika zikipita, na yeye alikuwa mtu wa heshima, alikuwa anakatiza hadithi katikati anasema, "Basi, nisikumalize." Ile ya ng'ombe mwekundu aliyekataa kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa bibi yake sikuwahi kusikia mwisho wake.

Mwenyekiti alinikuta siku moja nikiongea kando ya ghala, simu yangu sikioni na ya kikundi mkononi.

"Shosho, huyo ni mteja ama ni mchumba?"

"Ni kiti."

"Kiti kinaongea?"

"Kiko Olenguruone. Kinataka kurudi nyumbani."

Akacheka mpaka akafuta macho. Halafu akanigusa bega, akaniambia nisikae kwa jua.

Mvua ndefu zilipoanza, saa kumi ikafika simu isilie. Nikasema ni mvua. Huko juu wanachaji simu kwa jua, na mawingu yakikaa simu zote zinazima. Kesho yake nikampigia mwenyewe, yule mwanamke wa mashini akaniambia mteja hapatikani. Nikajaribu tena na tena, jibu likawa lile lile. Nikamuuliza dereva wetu kama ana safari ya upande huo. Akaniambia barabara imeoza, labda mvua ikipungua. Nilikuwa naweka simu ndogo dirishani ndio ishike mtandao vizuri, ingawa ilikuwa inashika vizuri popote.

Halafu asubuhi moja ikalia, na haikukata. Namba sikuijua. Nikapokea vile nilifundishwa.

"Siku gani?"

"Ijumaa." Ilikuwa sauti ya kijana, ya mtu anayetembea haraka.

"Mahali gani?"

"Olenguruone. Mbele ya senta, ukipita kiwanda cha majani chai unapanda."

Olenguruone ni kubwa. Watu wanakufa huko kama kwingine. Nikauliza la tatu.

"Watu wangapi?"

"Andika mia mbili. Tenti tatu. Harakisha mathe, kredo inaisha. Na kuna kitu kingine, babu alisema tusisahau. Kuna kiti yenu moja hapa kwa nyumba, mkikuja mchukue. Alikuwa hataki mtu akalie—"

Ikakata.

Nilikuwa nimeshika yale matatu yote: siku, mahali, watu. Pole ilikuwa bado mdomoni.

Nikachukua simu yangu nikampigia. Aliposhika nikasema, "Pole. Pole sana mwanangu. Pole kwenu wote." Nikamtaja mzee kwa jina lake, na bibi yake kwa jina lake, na yule ng'ombe pia, maana hata jina la ng'ombe nilikuwa nalo. Nikamuuliza kama mzee aliumwa sana. Akasema alikuwa na kifua, ukungu wa huko, wakampata asubuhi.

"Asante," akasema. "Lakini samahani, sikukujua. Wewe ni nani kwake?"

Si dada, si jirani, si wa kanisa lake. Uso wake sikuwahi kuuona, na wangu hakuuona.

"Mimi ni wa viti," nikamwambia.

"Ah, sawa. Basi Ijumaa." Akakata.

Sikwenda. Kwa lori kuna nafasi ya dereva na wapakiaji tu, na magoti yangu sasa ni kama yake. Jumamosi lori likarudi na matope mpaka kwa vioo. Wapakiaji walipokuwa wanashusha viti nilikiona, kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa na masufuri mekundu nyuma yake. Kilikuwa kisafi. Kimefutwa vumbi, hata miguu.

"Hicho kilipona rangi," mwenyekiti akasema. "Watu wataendelea kupiga namba iliyokufa. Shosho, nipitishie hiyo brashi."

Nikamwambia acha, nitafanya mimi. Nikapaka nyeupe, nikasubiri ikauke, nikaandika namba mpya. Mwandiko wangu si mzuri lakini unasomeka. Jioni wapakiaji wakavipanga vyote, kimoja ndani ya kingine, wakavifunga kamba kwa sababu kesho yake kulikuwa na matanga Kabatini.

Nimejaribu kukitafuta tangu hapo. Majina ya watu nakumbuka yote. Viti vyote ni vyeupe.