Samaki wa Bibi Arusi

Kaka yangu alinunua samaki ili kumfurahisha mke. Nianze hapo, maana watu wa Kasongo waliosimulia habari ile baadaye walidai alitaka kujifanya mzungu, na huo ni uongo. Alikuwa fundi wa cherehani, mtu wa haya nyingi. Msichana aliyemposa kule Kabambare alimwambia mara moja tu kwamba anapenda kijito kinachopita nyuma ya kwao, kwa sababu samaki wake wana rangi. Mwanamume mwingine angecheka na kusahau. Yeye alirudi na neno hilo Kasongo, akalala nalo na kuamka nalo.

Wakati huo Mbelgiji aliyesimamia pamba ya wakulima alikuwa anarudi Bulaya, na mkewe alitoa vitu vya nyumba kwenye baraza viuzwe. Kulikuwa na vitanda, masufuria, gramafoni, na sanduku la kioo lenye samaki wadogo, wekundu mgongoni na buluu ubavuni. Wenye akili walinunua vitanda. Kaka yangu alimpa mtu sanduku alibebe, na samaki akawabeba mwenyewe ndani ya ndoo, akitembea polepole kama mtu aliyeshika uji wa moto.

Walifika wazuri. Asubuhi yake tuliwakuta wamekuwa rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Shangazi yetu, aliyetulea baada ya mama kufa na ambaye neno lake ndilo lililokuwa neno la nyumba, alisema maji yamelala, na maji yaliyolala si safi. Sisi ni watu wa udhu. Maji ya jana hatumpi hata kuku. Akamwaga yote, akasugua kioo kwa majivu, akaweka maji mapya ya kisima, na chini akatandaza mchanga mweupe, uleule tunaotandaza ndani ya chumba cha bibi arusi. Akafanya hivyo kila asubuhi. Samaki wakazidi kufifia mpaka matumbo yao yakaonekana kwa ndani, na mmoja akafa. Mimi nilicheka, nikamwambia kaka amenunua mizimu. Yeye hakucheka.

Alirudi kwa yule mama mzungu kabla hajaondoka. Mama yule alimweleza, kwa Kiswahili chake cha kuagizia wapishi, kwamba samaki aliyehamishwa huogopa, na akiogopa rangi yake hupungua. Kumbadilishia maji yote kila siku ni kumhamisha kila siku. Tena samaki hufuata rangi ya mahali alipo. Ukimweka juu ya mchanga mweupe kwenye mwanga mkali, naye hujipausha asionekane. Wekeni mawe meusi ya mto, akasema, wekeni kivuli, msigonge kioo, chakula kiwe kidogo, kisha waacheni. Watazoea, na rangi itarudi yenyewe.

Tulifanya hivyo, na rangi ikarudi. Ulianza wekundu, hafifu kama kutu, halafu siku moja tukaona na buluu. Majirani wakawa wanakuja kutazama, na shangazi akageuka mwalimu wa samaki wa mtaa mzima. Aliyepita kuomba chumvi hakutoka bila kuambiwa habari za mawe meusi na kivuli na kuwaacha wazoee. Hata mimi, na ulimi wangu huu, nilipenda kukaa mbele ya lile sanduku. Zilikuwa siku nzuri katika nyumba yetu.

Bibi arusi aliletwa mwisho wa kiangazi. Alikuwa mweusi wa kung'aa, na akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Alipowaona samaki aliwasemesha kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, na kaka yangu akatoka nje ili tusimwone uso. Nilimpenda wifi yangu siku ileile. Sikuwa mtu wa kupenda haraka.

Kwetu bibi arusi hatoki. Hukaa ndani nyuma ya pazia, akaoshwa, akalishwa, mpaka wakubwa wamtoe. Alipotolewa mvua zilikuwa zimeshika, na rangi yake ilikuwa imepungua. Kila mtu alisema ni kivuli cha chumbani. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha, na viganja havipati jua hata siku za shamba. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo, na midomo ilikuwa ikifuata. Akitoka chumbani kwenda jikoni alipumzika njiani, akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akisema ni uvivu tu.

Nilimwambia shangazi apelekwe hospitali ya Leta, yaani ya serikali. Shangazi alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyekwisha kulijibu swali hilo zamani.

"Huyu ni mugeni," akasema. "Amehamishwa. Tumuache azoee."

Akafanya yote aliyofundishwa. Dirisha likafungwa nusu, wageni wakakatazwa, kazi akaondolewa, chakula akapewa kidogo kidogo ili asisumbuliwe. Kaka yangu alihamisha cherehani yake mbali, mlio usimfikie. Hakuna aliyemtesa. Nasema hivyo wazi kwa sababu ndicho kinachoniuma zaidi: alitunzwa kuliko mtu yeyote aliyepata kuingia nyumba ile.

Nilirudia neno langu, na kaka akaniomba kwa upole ninyamaze. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika, nilikuwa nimerudishwa kwetu, na mwanamke aliyeachika akianza kuona kasoro kwa mke mpya, neno lake huitwa kijicho. Hata kumwosha nikaondolewa, nisije nikampa mkosi wangu. Nina hasira mpaka leo, na sitaki mtu aje kuniambia ni mambo ya zamani.

Basi nikamfuata dereva wa lori la pamba lililokuwa likienda Kabambare, nikampa ujumbe kwa mama wa binti. Nilimwomba amwambie aje, basi.

Alikuja bila karatasi ya ruhusa ya kutoka Kabambare, miguu ina tope, kichwani kikapu cha uyoga. Nilimwingiza mwenyewe chumbani. Wifi yangu alikuwa ameketi mkekani, ameegemea ukuta. Mama alimwinamia kwa adabu, kama unavyomwinamia mgonjwa wa watu.

"Pole, mama," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Mutoto wangu iko wapi?"

Wifi yangu ndiye aliyejibu.

"Mama, ni miye."

Kikapu kilianguka. Mama hakungoja machela wala baiskeli. Alimfunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga, mtu mzima yule, na kwa jinsi alivyokuwa mwepesi akafika naye hospitali. Sisi tulifuata nyuma kama watu wasiohusika. Muuguzi alivuta kope ya chini, akatazama, akauliza hali hii imeanza lini, na hakusubiri jibu. Alisema damu imekwisha, na kwamba ugonjwa unaokula damu hivi una dawa ukiletwa mapema, mgonjwa akiwa bado anatembea. Daktari alikuwa safarini Wamaza kukagua vijiji. Alipotarajiwa kurudi, sisi tulikuwa tumekwisha kumzika, baada ya sala ya alasiri, mvua ikinyesha.

Wakati wa matanga mama alikaa mkekani pamoja nasi wanawake. Shangazi alikaa kando yake, akilia kilio cha kweli. Kaka yangu alisimama nje ya mlango, kwa kuwa wanaume hawakuingia, lakini hakwenda kukaa na wenzake barazani. Mama hakugombana na mtu. Alituuliza taratibu, kama anayeuliza njia.

"Muliona rangi inamutoka?"

Shangazi akasema tuliona.

"Sasa mulikuwa munangoja nini?"

Kila mtu chumbani alilijua jibu. Nilimtazama shangazi, mimi niliyekuwa na maneno siku zote, na sikutaka awe yeye wa kulisema, wala mimi. Kaka yangu ndiye aliyejibu, kutoka kule mlangoni, amegeuzia uso ukutani.

"Tulikuwa tunangoja irudi, mama."