Nguruwe wa Fundi Seif

Fundi Seif, mshonaji wa mtaa wa Observatory, kusini mwa Afrika, aliyezaliwa Tanga, hakuwa mtu wa siri. Ukimnong'oneza jambo asubuhi, mtaa mzima umelisikia kabla suruali yako haijapigwa pasi. Kwa hiyo Denise alipomtaka afunge mdomo, alimpa mtihani mzito kuliko suti ya bwana harusi.

Denise alikuwa mteja wake, injinia wa Kikongo kutoka Lubumbashi, aliyefanya kazi kwenye karakana moja Randburg. Mwaka huo wa 2019 umeme ulikatwa kwa zamu, cherehani za Seif zikilala mchana kweupe, naye Denise alitafuta nyumba yenye ua ajaribie mtambo wake. Akaleta uani kwa Seif pipa la kuozeshea mabaki ya jikoni mpaka yatoe gesi, pamoja na sanduku la chuma lenye ukubwa wa friji ndogo. Gesi ilisafishwa kwanza, ikaingia sandukuni, ikakutana na hewa; bila moto wala ngurumo, ukatoka umeme, na chuma kikabaki vuguvugu.

"Inaitwa fyueli seli," Denise alisema. "Lakini Papa Seif, usimwambie mtu. Wezi wakisikia, kesho haipo."

Seif akaapa. Shida ni kwamba pipa lilikuwa halishibi. Maganda ya jikoni kwa Mayasa, mkewe, yalikuwa kionjo tu. Seif akabeba ndoo mpaka kwa Victorine, mama wa Bukavu aliyeuza chakula Yeoville.

"Maganda ya makemba, ndizi zenu hizo, ukoko wa bugali, nipe vyote, mama."

"Vya nini, Papa Seif?"

Seif akafungua mdomo, akakumbuka kiapo, akaufunga. "Vya kulisha."

"Kulisha nini?"

"Kitu kiko uani."

Victorine akaitazama kofia yake ya viua, akacheka mpaka akashika meza. Kitu kinakula makombo, na mwenyewe anaona haya kukitaja! Angekuwa kuku, si angesema kuku? Ijumaa haijafika, habari ilikwisha kuzunguka: Fundi Seif anafuga nguruwe.

Msikitini watu wakawa wanamwachia nafasi pana kuliko desturi. Zubeda, mteja wake wa siku nyingi, akaja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa, akakibeba kwa vidole viwili. Seif alitamani kusema, kifua kikamvimba kama chapati kikaangoni. Mayasa yeye alicheka tu. "Uliyeshindwa kuficha hata posa yetu, leo umeficha sanduku!"

Ndipo alasiri moja akaja Khatibu, rafiki yake Mzanzibari muuza viungo, na wazee wawili nyuma yake.

"Seif ndugu yangu, tumekuja kwa heri. Tuonyeshe banda."

"Banda la nini?"

"Usitulazimishe kumtaja."

Wakaingia uani. Harufu ya pipa ikawapokea. Khatibu akaziba pua. "Yumo!"

Hapo hapo umeme ukakatika. Redio ya jirani ikanyamaza, robot ya kona, ile taa ya kuongozea magari, ikazimika. Lakini ndani ya nyumba cherehani ya Mayasa iliendelea kukimbia, tararara.

Khatibu akatega sikio. "Umeme si umekwenda?"

"Umekwenda kwenu," Seif alisema, na kiapo kikapasuka. Akawaeleza kila kitu: bomba, pipa, chujio la vyuma vyenye kutu linalonasa ule uvundo usiliue sanduku. Alieleza mpaka wazee wakakaa chini. Khatibu akapiga magoti, akaweka sikio kwenye chuma.

"Hata haguni!" alisema, wote wakaangua kicheko.

Denise alipopata habari alikuja amefura. "Papa Seif! Nilisema nini?"

"Ulisema nisimwambie mtu. Nimewaambia watatu."

Denise alijitahidi kununa, akashindwa. Akaongeza kufuli, na majirani, ambao sasa walileta maganda wenyewe, wakawa walinzi wa sanduku. Halikuibwa.

Adui aliyekuja alikuwa baridi ya Juni. Pipa likapoa, gesi ikapungua, cherehani ikaanza kuburuza miguu. Denise akapiga simu: lifunikwe, likae na joto. Jioni Mayasa alitafuta blanketi lake zito kabatini, asilione. Alilikuta uani, limezungushwa kwenye pipa na kufungwa kwa ustadi kwa utepe wa kupimia.

"Seif! Mimi nitajifunika nini?"

"Sogeza godoro karibu na sanduku, mke wangu. Lile halipoi kamwe."

Pipa lilipata joto lake. Mayasa alichukua koti la mumewe, na Seif akajifunika vitambaa vya wateja.