Simu za Wazazi ni Jumatatu

Kuna watu hawawezi kuona karatasi mbili zimekaa shaghalabaghala bila kuzinyoosha. Kijana wetu alikuwa mmoja wao, na ndiyo sababu, baada ya mwaka mzima wa kugonga milango ya watu na kuhubiri, rais wa misheni alimtoa mitaani akamweka ofisini. Rais mwenyewe si rais wa nchi, msije mkashtuka. Ni mzee mpole mwenye miwani, aliyekabidhiwa vijana wa kanisa lake zaidi ya mia, wametawanyika mji huu na mji ule. Wamormoni, ndivyo watu wanavyowaita. Kijana akijitolea, anatoka kwao miaka miwili, hatii mguu nyumbani, hatafuti mchumba, na popote aendapo lazima awe na mwenzi wake, yaani kijana mwingine wa misheni. Halafu wanamwita Mzee, hata akiwa na miaka kumi na tisa. Hilo lilimshinda kabisa mama muuza mboga wa karibu na ofisi. "Mzee gani huyu, hata ndevu hazijaota?" aliuliza kila walipopita, na wao wakacheka naye.

Wenzake walimwita Karani. Mwenzi wake wa pale ofisini walimwita Redio, na huna haja ya kuuliza kwa nini. Redio alianza kuzungumza kabla hajafumbua macho vizuri, na hata mswaki ukiwa mdomoni hakunyamaza. Karani alimpenda hivyo hivyo. Redio alikuwa na miezi miwili tu pale, na kazi yote alifundishwa na Karani.

Ofisi ilikuwa vyumba vitatu, chini ya nyumba ya ghorofa. Chumba cha ndani kilikuwa cha rais, na humo ukutani kulikuwa na ubao wenye picha za vijana wote, ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa isipokuwa rais. Chumba cha kati kilikuwa na rafu za barua na vifurushi. Cha mbele kilikuwa cha Karani na Redio: meza mbili, misumari ya funguo za nyumba zote wanazokaa vijana, mashine ya kuchapa iliyotaka kupigwa kofi ubavuni ndipo ifanye kazi, na simu ya mezani.

Watu wanadhani kazi ya mmisionari ni kusali na kutembea na vitabu. Thubutu! Jumanne Karani alikuwa akipokea ripoti za vijana na kuwafukuzia waliochelewa. Jumatano ilikuwa siku ya wenye nyumba, maana bomba limepasuka huku, na kule kijana kafungia ufunguo ndani. Alhamisi alishughulikia vibali vya kuishi, na vibali havina mzaha, kimoja kikipita tarehe ni fedheha. Ijumaa barua na vifurushi. Jioni, ofisi ikifungwa, wao nao walikwenda kufundisha kama wenzao, wakikaribishwa chai wakaomba maji ya moto, maana kanisa lao linakataza chai, na wenyeji wakawahurumia.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yao. Walifua, wakapiga deki, wakacheza mpira uwanja wa nyuma, na saa kumi alasiri kila mmoja akapiga simu kwao. Na hapo ndipo palipokuwa na kidonda cha Karani.

Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Tangu mtoto ana miaka saba alikuwa akimshikia vyuma, na mzee alikwisha kujiwekea moyoni kwamba karakana ile ni ya wawili. Kijana alipomwambia anakwenda misheni miaka miwili, mzee hakupiga kelele. Alisema tu, "Unaniacha na mikono miwili wakati kazi inataka minne." Siku ya safari, mama na wadogo zake walimsindikiza. Baba alibaki karakana, kinyago cha kuchomelea usoni, cheche zikiruka. Kijana alisimama mlangoni, akasema, "Baba, naondoka." Mzee hakuinua kinyago. Akaendelea kuchoma.

Miezi ishirini ilikuwa imepita tangu hapo, na katika Jumatatu zote hizo baba hakuwahi kushika simu. "Baba yupo?" Karani alikuwa akiuliza. "Yupo karakana," mama alijibu, na nyuma ya sauti yake wakati mwingine kilisikika kikohozi ambacho hakikuwa cha karakana, kilikuwa cha hapo hapo sebuleni. Mzee alikuwa akisikiliza! Ila kusema, hasemi. Karani alikata simu akaenda kuanua nguo zake, na siku hizo hata Redio alijua kupunguza sauti. Ilikuwa imebaki miezi minne arudi nyumbani, na kitu kimoja tu alikuwa akimwomba Mungu kwa magoti, asiingie kwenye ule mlango wa karakana bila baba kumsemesha kwanza. Hata neno moja. Hata tusi, alisema, angelipokea.

Sasa sikilizeni habari ya kadi.

Kulikuwa na mama mmoja, mzazi wa kijana mgeni, aliyekuwa akipiga simu ofisini kila asubuhi. Mwanangu amekula? Mwanangu analala wapi? Kijana naye alipopelekewa salamu alilia, hakula, hakufanya kazi, mpaka ikabidi rais aende kukaa naye siku nzima. Baada ya hapo rais aliwaambia vijana wa ofisi, "Mzazi akipiga siku ya kazi, muulizeni kuna nini, kisha nileteeni mimi." Basi, maneno yake yalikuwa hayo tu. Karani, kwa ile tabia yake ya kunyoosha mambo, aliona hapo pana safari ndefu mno. Rais alikuwa na shughuli nyingi, na wazazi, ukiwauliza kuna nini, hawamalizi. Akachukua kadi, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: MZAZI AKIPIGA: MSALIMIE. MTULIZE. SIMU ZA WAZAZI NI JUMATATU. Akaibandika juu ya simu. Lile la kuuliza kuna nini, akaliacha. Hakumwambia rais, kwa sababu aliona ni jambo dogo. Na kweli ofisi ilitulia, simu zikawa fupi, na Karani akajisikia mtu wa maana.

Alhamisi moja walikuwa na vibali kumi na vinne vya kufikisha uhamiaji kabla ya saa sita. Karani alikuwa amezungukwa na picha za pasi, kalamu mdomoni, amekunja uso. Saa tatu na nusu simu ikalia. Redio akaishika.

"Ofisi ya misheni, habari za asubuhi? ... Shikamoo, mzee. ... Eeh, ni hapa hapa. ... Mwanao?"

Redio akamtazama Karani. Karani hakuinua hata kichwa. Alinyoosha mkono, akaigonga kadi kwa kidole mara mbili.

"Mzee, vijana wetu wote wanapiga nyumbani Jumatatu, saa kumi," Redio akasema, kwa adabu kabisa. "Hapana, hapana, yuko salama, wote wako salama. ... Ndiyo, Jumatatu hii hii. ... Haya mzee, ubarikiwe."

"Nani huyo?" Karani akauliza.

"Baba wa mtu. Kasema haya, atasubiri."

"Baba wa nani?"

"Sikumuuliza. Si umenionyesha kadi?"

"Wazazi hawa nao," Karani akasema, akicheka. "Wanadhani tuko chekechea. Hebu nipe hiyo stepla."

Wakacheka wote wawili. Saa sita kasorobo vibali vyote kumi na vinne vilikuwa mezani kwa afisa wa uhamiaji, na Karani alirudi ofisini akipiga mluzi. Ijumaa aligawa barua. Jumamosi walimfundisha fundi saa mmoja na mkewe. Ilikuwa wiki nzuri, na mwenyewe aliandika hivyo kwenye daftari lake.

Jumapili baada ya ibada walikuwa wamerudi chumbani kwao, Redio ameketi kitandani anavua viatu, mlango ukagongwa. Alikuwa rais wa misheni na mkewe. Rais hakuwa na desturi ya kuja pale Jumapili, tena bila taarifa. Mkewe alikuwa na macho mekundu. Karani akajua kuna msiba. Unaweza kujua jambo kabla halijasemwa. Alichokuwa hajui ni nani.

"Keti, mwanangu," rais akasema. Hakumwita Mzee.

Akamweleza bila kuzunguka. Baba yake alikuwa ameamka alfajiri, akaomba maji, na kabla mkewe hajarudi na kikombe alikuwa amekwisha kukata roho. Mjomba ndiye aliyempigia rais. Mke wa rais alimkumbatia Karani, na Karani akalia kama mtoto, kwa sauti, bila kuona haya. Ile dua yake ilikuwa imefika mwisho pale. Hakukuwa tena na mtu wa kumsemesha mlangoni.

Walipomwacha akalia mpaka akatulia kidogo, rais akampa simu yake. "Mpigie mama. Zungumza kadiri utakavyo, hakuna saa leo."

Mama alipokea. Nyuma yake kulikuwa na sauti za wanawake waliokuja kumliwaza. Walilia kwanza, wote wawili, bila maneno. Kisha mama akasema, kwa sauti iliyokauka, "Angalau alikuwa amekwisha kukusamehe, mwanangu. Ujue hivyo. Usije ukakaa na hilo moyoni."

"Alisema lini, mama?"

"Jumatano nilimpeleka hospitali, kifua kilikuwa kinambana. Daktari akasema moyo umechoka, akampa dawa, akamkataza kazi. Njia nzima hakusema kitu. Asubuhi yake akaniomba bahasha ya barua yako, ile yenye namba ya ofisi juu. Akachukua simu akaenda kukaa karakana peke yake. Nikasema leo leo!"

Karani alikuwa amesimama. Akakaa.

"Akarudi anatabasamu," mama akaendelea. "Nikamuuliza, umempata? Akasema, sikumpata, ila kijana aliyepokea ana adabu kweli, kaniamkia vizuri, kasema niwe na subira mpaka Jumatatu. Tangu hapo ikawa ni Jumatatu, Jumatatu. Jana kanyoa ndevu. Nikamwambia, wewe mzee, simu haina macho! Akasema, Jumatatu simu nashika mimi, wewe utangoja zamu yako."

Mama akacheka kidogo, kicheko kikamgeukia kilio. Karani aliubana mdomo kwa mkono. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama, rais, mkewe, na Redio aliyeketi na kiatu kimoja mkononi, na kati yao hakuna aliyejua anachosikia.

"Kwani Alhamisi ile asubuhi ulikuwa umeenda wapi, mwanangu?" mama akauliza. "Maana alidhani labda ukiwa ofisini ungesikia, ungeijua sauti yake."

Jibu lilikuwepo, tena zuri. Uhamiaji. Si alikwenda uhamiaji siku ile ile? Nani angemwuliza habari ya saa? Mama angesema haya, kazi ni kazi, na yeye angeubeba ukweli peke yake maisha yake yote. Lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini alihisi kwamba akimdanganya mama leo, baba akiwa bado hajazikwa, hatakuwa na uso wa kumtazama mtu yeyote tena.

"Nilikuwa hapo hapo, mama," akasema. "Nilikuwa mezani. Sikuisikia sauti yake, mwenzangu ndiye aliyeshika simu. Lakini mimi ndiye niliyemwonyesha amwambie Jumatatu. Hatukumuuliza ni baba wa nani. Hata kuna nini hatukumuuliza. Sheria hiyo niliiweka mimi, si mtu mwingine."

Kiatu kikaanguka sakafuni. Redio alikuwa ameelewa, na alianza kulia huku akitikisa kichwa. Rais akavua miwani. Akamwekea Karani mkono begani, akauacha hapo.

"Mama?" Karani akaita. "Mama, nisamehe. Mama?"

Alisikia mlango ukifungwa kule, na sauti za wale wanawake zikawa mbali. Mama alikuwa ameondoka sebuleni, ameingia chumbani.

"Hayo umewaambia na wadogo zako?" akauliza, taratibu.

"Hapana, mama. Nimekwambia wewe tu."

"Basi usiwaambie. Wala mjomba wako. Wao waache wajue kwamba baba yao alikuwa anaisubiri Jumatatu kwa furaha, maana ni kweli, alikuwa na furaha, mimi nilimwona. Hilo lingine ni letu mimi na wewe, tutalibeba wawili."

"Mama..."

"Basi, mwanangu. Basi." Akavuta pumzi, akapenga kamasi. "Tangu asubuhi umetia kitu tumboni?"