Jumuiya Ilivyobonyeza Tangazo la Mama Mdogo

Mimi hasira zangu ziko karibu, kila aliyewahi kufanya kazi na mimi anajua. Kwa hiyo niseme mapema: nilimfokea mama mdogo wangu, na hakustahili.

Alikuwa mjane mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita pale Matogoro. Soko huria lilikuwa limeingia, kila mtu kawa mfanyabiashara, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliitaka nyumba iwe ghala la tumbaku ya Namtumbo. Kikao cha ukoo kilimpa mama mdogo muda hadi mwisho wa kiangazi. Vyumba vikipata wageni, abaki, visipopata, ahame.

Intaneti ndiyo kwanza ilikuwa imefika Songea, na mimi nilikuwa na kibanda Mfaranyaki, kompyuta nne, umeme ukiwepo. Nikamwambia tuweke tangazo, lile linalojitokeza Mzungu anapotafuta mtandaoni mahali pa kulala akielekea Ziwa Nyasa. Kulionyesha ni bure. Unakatwa hela kila mtu anapolibonyeza. Lakini likionwa na wengi bila kubonyezwa, linashushwa mpaka halionekani tena. Mama mdogo akauza mahindi yake, binamu yangu wa Dar akatulipia kwa kadi ya benki.

Alitaka lianze na salamu. "Mgeni hapokelewi kwa bei ya chumba, mwanangu. Kwanza karibu, pole na safari." Nafasi yenyewe ni mistari mitatu! Nikamkubalia, maana ukibishana naye hakujibu, anakupakulia chakula kimya kimya mpaka ujione mkosaji. Wiki mbili nzima watu waliliona wakapita.

Nikafuta salamu zote bila kumwambia. Nikaandika vyumba safi, maji ya moto, vyandarua. Siku iliyofuata wakabonyeza wanne. Nikatanguliza ziwa mstari wa kwanza, wakawa tisa, na Wajerumani wawili wakaandika kuuliza kama kuna nafasi. Nilifurahi nikajisahau. Nikaenda mbio Matogoro, hata shikamoo niliitoa nikihema. "Mama, sasa tunachohitaji ni kubonyezwa tu. Wakibonyeza wengi, tumepona." Nilisema hivyo hivyo, sikueleza zaidi. Kesho yake nikaenda msibani Mbinga.

Jumuiya yake ni ya kina mama wanaosali nyumba kwa nyumba. Mmoja akiugua, wenzake wanampalilia shamba bila kuombwa. Jumamosi ya wiki hiyo mama mdogo alisimama akasema ana shida, tangazo lake linahitaji kubonyezwa na wengi. Baada ya sala wakashuka wote mpaka kibandani kwangu, wakapanga foleni, na mwenzangu wa kazini, asiyejua kitu, akawaonyesha pa kubonyeza. Mwenyekiti wao alibonyeza mara kumi na mbili, moja kwa kila mtume.

Niliporudi, hela ya msimu mzima ilikuwa imekwisha na tangazo limefungwa. Wenye mtandao waliona wabonyezaji wote wako mahali pamoja, wakatuweka kundi la matapeli. Niliandika kuomba, nikaandika tena. Jibu lilikuwa lile lile, la mashine. Wale Wajerumani nao wakanyamaza.

Nilimkuta mama mdogo jikoni. "Mmeniua! Nani aliwatuma?" Sauti ilifika kwa majirani. Nikamwambia wameila hela yake mwenyewe, yeye na wenzake na rozari zao.

Aliweka mwiko chini. "Ulisema libonyezwe, mwanangu. Hukusema na nani."

Nikazidi kufoka. Hilo linaniuma kuliko nyumba yenyewe. Kosa lilikuwa langu, nilijua ni langu hata nilipokuwa napayuka, na sikuweza kunyamaza.

Kiangazi kilipoisha shemeji alikuja na kufuli lake. Jumuiya nzima ilifika kumhamishia mama mdogo vyombo, anakwenda kupanga chumba Mjimwema. Mwenyekiti, sufuria kichwani, akanigeukia.

"Hivi, mwanangu, ile kazi yetu ya kompyuta ilisaidia hata kidogo?"

Nilifungua mdomo. Mama mdogo akaniwahi.

"Ilisaidia sana," alimwambia. "Wageni wenyewe tu mwaka huu walikuwa wachache."

Kisha akashika godoro upande mmoja, akasimama ananingoja nishike upande wa pili.