Rafu ya Fundi Viatu

Wateja walimwita Profesa, naye akajifanya hapendi. Ukimpelekea kiatu kilichoachama, unamkuta kainamia kitabu, nyundo iko pajani, na kabla hujataja shida yako ameshakuuliza kama mtu huchagua maisha yake au huchaguliwa. Ukimjibu hovyo, kiatu chako utakipata wiki ijayo.

Vitabu alivinunua kwa muuza mitumba. Palikuwa na falsafa ya watu waliokufa zamani, riwaya nene za watu wasioambilika hadi ukurasa wa mwisho, na zaidi ya vyote, visasili vya wafalme wanaotabiriwa balaa, wakaikimbia, wakaiangukia huko huko walikokimbilia. Hivi ndivyo vilivyomkaa moyoni. Kila akimaliza kimoja humwambia mkewe, "Na huyu naye kazembea. Ningekuwa mimi, balaa isingepata hata pa kupenyeza kidole."

"Wewe tena!" mkewe humjibu. "Wewe uliyepigilia rafu kwa misumari ya visigino!"

Hilo halikuwa uongo. Rafu ya vitabu aliipigilia mwenyewe juu ya kitanda cha mjukuu, maana ukuta huo tu ndio uliokuwa mkavu, na misumari iliyokuwa karibu ni ile ya kazini. Mkewe alisema, akarudia, mwisho akachoka. Profesa alicheka, akaongeza kitabu.

Mjukuu alikuwa msichana wa miaka saba, mwenye mapengo na maneno mengi. Mama yake, binti yao pekee, alifariki akimzaa. Profesa alimpenda mtoto yule mpaka kifua kikamuuma, na hakuwa na kingine duniani cha kuogopa kukipoteza.

Basi akaota. Aliona ndege weupe, kundi zima, wakimshukia mtoto kitandani, mbawa wazi, kimya kabisa. Aliamka jasho linamtiririka. Mpiga ramli wa nini? Mwenyewe alikuwa amesoma vya kutosha kujua kwamba ametabiriwa.

Hakutaka kuzembea kama wale wafalme. Kulipokucha alimkataza mtoto kwenda barabarani kwa sababu ya magari, na uani kwa sababu ya kisima. Dirisha aliliziba kwa mbao, na kwa kazi hiyo alikwenda dukani akanunua misumari mirefu, ya maana. Mlango akautia kufuli.

"Kaa kitandani kwako, mama," alimwambia mjukuu. "Hapo hakuna kitakachokugusa."

Akamnunulia na vitabu vya picha vya kumliwaza, akavipanga rafuni. Rafu ikalia kidogo, kama kiatu kipya.

"Mtoto ananyauka humu ndani," mkewe alisema. "Mwache atoke."

"Hujui ninachokijua."

"Unachokijua umekisoma tu, mzee wangu."

Profesa akarudi kwenye visigino vyake. Lakini tangu siku hiyo hakuweza kusoma. Kila akifungua kitabu alihisi kuna mtu anayemsoma yeye, tena ameshamtangulia kurasa kadhaa.

Jioni moja, akiwa kibandani mbele ya nyumba, alisikia kishindo ndani. Alikimbia. Ufunguo ulimponyoka mara mbili kabla kufuli halijafunguka. Ubao wa rafu ulikuwa umelala juu ya mto, umeupasua. Vitabu vilikuwa vimetapakaa kitanda kizima, vimefunguka, kurasa nyeupe zimetanda huku na huku, kimya kabisa.

Mbawa.

Alivifukua kwa mikono yote miwili, anaita, haitikiwi.

"Babu, usinichape."

Aligeuka. Mtoto alisimama mlangoni, vumbi mpaka magotini. Nyuma yake alisimama bibi yake, na mkononi ana ufunguo wa akiba.

"Kila siku namtoa akacheze," bibi alisema. "Ukishaanza tu kugonga nyundo." Kisha akakiona kitanda, akaziba mdomo kwa kanga.

Profesa aliketi sakafuni. Mbele yake palikuwa na msumari uliong'oka ukutani, mfupi kama jino la mtoto. Aliutazama. Akatazama dari, akatazama taa, akatazama na mikono yake mwenyewe, na hofu haikumtoka.

"Sasa nikae wapi, babu?" mtoto aliuliza.



"Sijui, mama," alisema yeye aliyekuwa na jibu la kila mfalme. "Nenda nje ukacheze."