Nkeka wa Ntu Mmoja

Kwa Mama Agatha wa kijiji cha Lionja, mtu ni ntu, mtoto ni ntoto, na Mtwara ni Ntwara. Wengi wetu hapa Nachingwea tunasema hivyo hivyo tukijisahau, ila mimi niliyekuwa na kompyuta tatu za intaneti karibu na soko nilijiona nimestaarabika. Nilimcheka sana. Ujinga mtupu.

Mwaka 2009 alinijia na mikeka yake ya ukindu, akataka tuiuze mtandaoni. Nikaipiga picha, nikafungua tovuti, nikamwomba anitajie maelezo. Nikayaandika kama yalivyomtoka mdomoni: "Nkeka wa ntu mmoja na ntoto wake. Umesukwa kwa nkono." Nilikuwa namtania, nikakusudia kusahihisha baadaye. Nikasahau.

Wateja wakaja mmoja mmoja, na mikeka ikasafiri kwa basi. Kisha akatokea Valentina wa Dar es Salaam, aliyekuwa akifungua nyumba ya wageni. Alitaka mikeka hamsini. Mama Agatha akakusanya ukindu wote alioupata Lionja, akawaita kinamama sita waje kusuka naye.

Siku mbili baadaye Valentina akapiga simu, sauti kali. Amekuta tovuti nyingine yenye picha zile zile na maneno yale yale, ila namba ya simu tofauti. Mwenye tovuti hiyo alimwambia kwamba duka ni lake, na mwanamke wa Nachingwea ndiye mwizi.

"Mmoja wenu ananidanganya," alisema. "Nikishamjua, nitapiga simu."

Mama Agatha alikaa kwenye benchi langu akalia. Mikeka hamsini hakuitaja hata mara moja.

"Mie niitwe mwizi, Tadeo? Kwa nkeka wa nkono wangu?"

Niliwaka. Nikaiandikia kampuni iliyoihifadhi tovuti ile, wakanijibu nilete ushahidi. Ushahidi gani, na picha ni zile zile? Nikaufungua ukurasa wa mwizi, nikakuta amebeba hata "ntoto". Aibu ikanishika. Nilidhani Valentina anatudharau kwa uandishi ule, nikafungua ukurasa wetu niusahihishe. Sijafuta hata herufi moja, simu ikalia. Alikuwa Valentina, anacheka.

"Nimemuuliza yule bwana nkeka ni nini. Kaniambia ni modeli mpya, imetoka Dubai! Hebu nipe huyo mama."

Njia ya mwongo ni fupi. Nikaweka spika.

"Mama, shikamoo. Nkeka ni nini?"

"Marahaba." Mama Agatha alinitazama kwa mashaka, akadhani anatahiniwa. "Nkeka si nkeka tu, mwanangu? Wa kulalia. Kwani huko Dar mnalala nchangani?"

"Nisukie hamsini, mama. Na unisamehe."

Nilishusha pumzi kama niliyetuliwa gunia la korosho kichwani. Mama Agatha alicheka na kulia kwa pamoja, akajifuta kwa ncha ya kanga. Niliituma habari ya Dubai kwa ile kampuni, na wiki iliyofuata tovuti ya mwizi ikaondolewa.

Siku ya kupakia mikeka nilimuuliza kama sasa nisahihishe maelezo yetu. Akasogea kwenye kompyuta, akasoma polepole kwa sauti, kidole kikifuata mstari hadi mwisho.

"Usahihishe nini?" akauliza. "Umekosea wapi?"

Nikatazama tena.

"Hakuna kosa, mama," nikasema.