Mkate Hapa, Mkate Pale

Sauti kama ya Halafta haijapatikana tena Arbeli, na wanaosema imepatikana hawakuisikia. Siku za kazi alikuwa mfumaji wa kitani, kama nusu ya wanaume wa kijiji kile cha kilimani. Siku ya Sabato alisimama kando ya kiti cha Mwalimu Elkana katika sinagogi na kumtegea sikio. Mzee alimnong'oneza maneno mawili matatu, naye akayatoa kwa sauti hadi waliokaa nje mlangoni wakayapata. Kupaza sauti hakukuwa kazi ya mwalimu. Msemaji naye hakuruhusiwa kuongeza wala kupunguza.

Kwa Mwalimu Elkana, Torati haikuwa na neno la bure. Habari mbili zikikaa jirani, haikosi zina la kuambiana. Neno likionekana hapa, kisha likaonekana tena mbali, yaite yote mawili yaketi pamoja, uyasikilize. Ndivyo wazee wetu walivyochimba maana iliyofichika. Halafta aliyatangaza hayo tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na hayakumgusa hata ukucha.

Maana nyumbani alikuwa na nadhiri.

Mama yao alipofariki, dada yake mkubwa, Hogla, alikichukua kitanda cha mfumi cha marehemu, kile alichofumia kitani, kabla matanga hayajaisha. Halafta alisimama katikati ya ua, mbele ya majirani, akanguruma, "Mkate wako kwangu ni haramu, kama sadaka ya madhabahuni!" Madhabahu yenyewe ilikuwa majivu tangu enzi za babu wa babu yake, lakini kwetu neno hilo likishatoka limefunga. Hasira ikapoa, kufuli likabaki.

Na ua ulikuwa mmoja! Mlango wa Hogla huku, wa Halafta kule, tanuri katikati. Kila Ijumaa Hogla alioka mikate ya ufuta, na harufu haikuijua nadhiri.

"Nusa, mdogo wangu," Hogla alimwambia akipita na kapu. "Kunusa hukuapia!"

Nadhiri ilimfunga Halafta peke yake. Mkewe Tavita alikwenda kula kwa wifi yake bila wasiwasi, akarudi anajifuta midomo.

"Una nini hapo kidevuni?" Halafta alimuuliza.

"Ufuta, Baba Yaeli. Nikusimulie ulivyokuwa?"

"Nyamaza, mwanamke!"

Kuna dawa ya nadhiri, na Halafta aliijua. Unakwenda kwa mwalimu, anakutafutia mlango, yaani jambo ambalo ungelijua siku ile usingeapa. Mlango ukipatikana, unafunguliwa nadhiri yako. Alikwenda mara moja tu.

"Unajuta?" Mwalimu Elkana alimuuliza.

"Nijute nini? Kitanda kilikuwa changu!"

"Basi huna mlango, una ukuta. Rudi nyumbani."

Alirudi, akaendelea kunusa.

Mwaka mmoja, mvua za kwanza zilipoanza, binti wa Hogla aliyeolewa Dameski aliagiza mama yake apelekwe kwake, maana ujane na uzee havikai vizuri nyumba moja. Hogla aliuza mbuzi wake. Ngamia walikuwa waondoke Jumapili, alfajiri.

"Dameski si kisimani," Tavita alisema Ijumaa ile, harufu imejaa ua. "Mtafikia kuzikana hamjala pamoja?"

Uzi ulimkatikia Halafta mkononi, akaunga, ukakatika tena.

Kesho yake, Sabato, sinagogini zilisomwa habari za Yusufu. Mwalimu alinong'ona, Halafta akapaza sauti:

"Walimtupa ndugu yao shimoni, na papo hapo Maandiko yanasema wakaketi kula mkate! Kwani tulitaka kujua wamekula nini? Neno la bure hilo?"

"Si la bure!" watu waliitikia, maana walimjua mwalimu wao.

"Basi tutafute, ndugu hawa tunawaona wapi tena na mkate? Misri, mezani pa Yusufu! Mkate hapa, mkate pale. Na katikati? Nafaka walikula, njaa walifukuza, lakini kuketi kula mkate hatuwasikii tena!"

Mwalimu akamvuta karibu, akamnong'oneza la mwisho. Halafta akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakikutoka kitu.

Watu walisubiri. Kutoka upande wa wanawake sauti ya Hogla ikapasua kimya. "Msemaji! Umemeza ulimi? Huku nyuma hatusikii!"

Wakacheka. Halafta akashika ukingo wa kiti cha mwalimu.

"Kutufundisha," alisema, na sauti ile kubwa ilikuwa imepasuka kama mtungi, "kwamba aliyemtenga ndugu yake hushiba, lakini hajala."

Watu walipotoka yeye alibaki, pamoja na wazee wawili.

"Mwalimu, ulinilenga mimi."

"Mimi nililenga aya. Wewe ndiye uliyesimama njiani." Mzee akamtazama. "Ungelijua hili siku ile, ungeapa?"

"Kitanda kilikuwa changu," Halafta alisema. "Lakini nisingeapa."

"Leo ni Sabato. Nadhiri haifunguliwi Sabato ila kwa haja ya Sabato yenyewe."

"Haja ipo. Mlo wa mwisho wa Sabato sijala."

Wazee wale wawili walicheka hadi wakakohoa. Mwalimu akatamka kama ilivyo desturi, "Umefunguliwa, umefunguliwa, umefunguliwa."

Hogla alimkuta amesimama kizingitini pake.

"Umekuja kunusa?"

"Nimekuja kula, dada."

Mkate ulikuwa wa jana, umepoa. Hogla aliumega, akampa kipande kikubwa bila kumtazama, maana macho yake yalikuwa na shughuli nyingine. Halafta alitafuna polepole.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Basi kaape tena!"

Tavita, aliyemfuata mumewe, alicheka mpaka akakaa chini. Wakala wote watatu, hata punje za ufuta zilizoanguka wakaziokota kwa kidole.

Jumapili alfajiri, Halafta mwenyewe alikibeba kitanda cha mfumi cha mama yao, kipande kwa kipande, akakifunga juu ya ngamia wa dada yake. Alivuta kila fundo mara mbili. Mwenye ngamia alimwambia inatosha, awaache wasafiri sasa. Yeye akaanza fundo jingine.